Mwaka wa Miombo Tabora: Mwongozo Kamili wa Matembezi ya Msimu na Historia kwa Vikundi vya Wapenda Mazingira

Mtu anayeishi Tabora mjini, tuseme Cheyo au Isevya, anaweza kukaa miaka kumi bila kugundua kwamba miti ya miombo iliyo nje kidogo ya mji hubadilika rangi kabla mvua haijanyesha, wala kwamba anapokwenda Kwihara anaikanyaga nchi iliyopitiwa na misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vikundi vya wapenda mazingira, viwe vya shule, vya mtaa, vya msikiti au kanisa, au vya marafiki wachache tu, vinavyotaka kutoka walau mara moja kwa mwezi na kujifunza misimu na historia kwa pamoja. Nasema kwa pamoja kwa sababu, katika miaka ambayo nimetembea na kikundi cha namna hiyo, nimeona kwamba Unyamwezi, yaani nchi hii ya Wanyamwezi, hauruhusu kuvitenganisha. Wapagazi walisafiri kwa kufuata kiangazi, wakulima walirudi nyumbani kwa kufuata wingu, vijiji vilihamishwa kwa sababu ya mbung'o, na alama za yote hayo zimebaki katika miti na udongo. Anayeijua miti peke yake hawezi kueleza kwa nini mwembe mkubwa umesimama pweke katikati ya mitundu, ambayo ni aina mojawapo ya miti ya miombo, mbali na nyumba yoyote.

Mwaka wenu uanze Oktoba

Kosa la kwanza la vikundi vingi ni kupanga ratiba kuanzia Januari. Huo ni wakati wa palizi: wenyeji ambao mngependa kuzungumza nao wako shambani, barabara za udongo zimelowa, na mambo makuu ya mwanzo wa mvua yamekwisha kupita. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida Novemba na kuisha Aprili, ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa inauita mvua za msimu badala ya kuugawa katika vuli na masika kama ilivyo pwani. Mei hadi Oktoba ni kiangazi. Kwa kuwa nchi imeinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, na joto kali huja Septemba na Oktoba, miti ikiwa inasubiri mvua. Kwa hiyo Oktoba ndio mwezi wa kufungua daftari.

Kabla ya matembezi ya kwanza, kikundi kitengeneze kipimamvua. Hakihitaji fedha nyingi: kopo la bati au la plastiki lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, lililofungwa juu ya nguzo kiasi cha mita moja kutoka ardhini, mahali pa wazi ambapo paa na matawi hayazuii mvua. Mti ulio karibu uwe mbali na kopo angalau mara mbili ya urefu wake. Kila siku saa 3 asubuhi mtu mmoja aliyepewa jukumu hilo apime kina cha maji kwa rula, aandike milimita, kisha amwage. Milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba, jambo ambalo wakulima hulielewa haraka na kulipenda. Msisubiri siku mbili au tatu ndipo mpime, kwa maana jua la hapa hukausha maji ndani ya kopo. Na siku ambayo hakuna aliyepima isiandikwe sifuri, iachwe wazi. Sifuri ni taarifa kwamba mvua haikunyesha, na daftari lililochanganya mambo hayo mawili halifai tena kwa kulinganisha mwaka na mwaka.

Pamoja na kipimamvua, chagueni miti michache ya kufuatilia mwaka mzima. Ninapendekeza mtundu mmoja, muba mmoja (nao ni mti wa miombo), mninga mmoja na mwembe mmoja, yote iwe mahali panapofikika hata wakati wa mvua. Msiitie rangi wala msiipigilie misumari. Andikeni tu jinsi ya kuifikia, na mpige picha ya kila mmoja mkiwa mmesimama mahali pale pale kila mwezi. Mambo ya kuandika ni machache: majani yameanguka, yanachipua au yamekomaa, maua yapo au hayapo, matunda ni mabichi, yameiva au yameanguka, nyuki wanaonekana au la.

Hodi kwanza

Msitu wa Tabora una wenyewe. Mkiingia katika hifadhi ya msitu, ombeni ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mkiingia katika ardhi ya kijiji, pelekeni barua katika ofisi ya serikali ya kijiji angalau wiki moja mapema, ikieleza idadi yenu, siku, njia mtakayopita na mnachokwenda kufanya. Mkikutana na mzee asubuhi, mwanzeni kwa Mwangaluka kabla ya Kiswahili, hata kama salamu hiyo ndiyo Kinyamwezi pekee mnachokijua, maana mazungumzo yanayoanza hivyo huenda mbali zaidi. Mzinga uliotundikwa juu ya mti una mwenyewe hata kama hamwoni mtu kwa kilomita tano. Mahali pa matambiko, panapoweza kuwa chini ya mti wa kawaida kabisa wenye chungu kilichopasuka shinani, pasiguswe wala kupigwa picha bila idhini ya wenyeji.

Kuhusu mavazi, epukeni rangi ya bluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o huvutwa nazo; kaki na rangi za udongo zinafaa zaidi. Viatu vifunike vifundo vya miguu. Mtu akiumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitali mara moja bila kuchanjwa wala kufungwa kamba ya kukata damu. Nchi hii ina Wayeye, chama cha kale cha watu wanaocheza na nyoka na kuzijua dawa zao, na mazungumzo nao ni hazina kubwa kwa kikundi. Lakini kwa aliyeumwa, gari la kwenda hospitali lisicheleweshwe kwa ajili ya jambo jingine lolote.

Oktoba na Novemba: msitu mwekundu, kumbikumbi na kuingia kwa misafara

Matembezi ya kwanza yawe katikati ya Oktoba, mapema asubuhi. Mitundu ambayo mwezi mmoja kabla ilionekana kama imekufa huwa imetoa majani machanga ya rangi ya shaba na damu, na msitu mzima kwa mbali huonekana kama unawaka. Wageni hudhani ni majani yanayokauka. Ni kinyume chake: miti hii ina mizizi mirefu na akiba ya maji ndani ya shina, hivyo huchipua wakati ardhi ya juu ingali kavu kabisa, ili tone la kwanza likute majani yakiwa tayari kwa kazi. Mninga nao hutoa maua ya njano wakati huu, na matunda yake bapa yenye miiba katikati mtayaona baadaye yakining'inia mpaka kiangazi kinachofuata. Matunda ya msituni pia yapo: matonga yenye ganda gumu, na mbula zinazookotwa chini ya mti zikiwa zimeiva na kunukia.

Mvua ya kwanza nzito ikinyesha, tokeni jioni hiyo hiyo, msisubiri Jumamosi. Kumbikumbi hutoka kwenye vichuguu kwa wingi, na kila nyumba yenye taa hugeuka mahali pa mavuno: beseni la maji huwekwa chini ya taa, kumbikumbi huanguka humo, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Andikeni tarehe, saa walipoanza kutoka, na mvua iliyopimwa asubuhi yake. Baada ya miaka mitatu tarehe hizo zitawapa picha ya mwanzo wa msimu katika mtaa wenu wenyewe. Tahadhari moja tu kwa miezi hii: radi. Ngurumo zikisikika, ondokeni chini ya miti mirefu na mahali palipoinuka, mwingie ndani ya nyumba au gari.

Hapa historia inaingia bila kulazimishwa. Misafara ya Wanyamwezi iliyokwenda pwani na pembe za ndovu iliondoka kwa kawaida baada ya mavuno, kiangazi kilipoimarisha njia, na wapagazi wengi walitaka kuwa nyumbani mvua zitakapoanza ili walime. Waingereza Richard Burton na John Speke, waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857, waliingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, mvua zikiwa mlangoni. Siku hiyo ni nzuri kwa matembezi ya kila mwaka: tembeeni kilomita chache mkiwa na mizigo midogo, kisha mwambie kila mwanachama afikirie mzigo wa kilo 30 na zaidi begani kwa miezi kadhaa. Elezeni pia maneno yaliyobaki. Nyapara wa leo anatokana na nyampara, kiongozi wa wapagazi, na neno hilo chimbuko lake ni wazee wa Kinyamwezi. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya njiani hadi pwani, ambao bado tunautumia misibani na harusini, wazee wengi huuhusisha na safari hizo hizo. Na pasiwepo kuficha: katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa. Watoto waelezwe hivyo kwa utulivu na kwa uwazi.

Desemba hadi Februari: uyoga, kwa uangalifu wa hali ya juu

Huu ndio msimu ninaoupenda kuliko yote, na ndio unaoweza kuua. Kwa hiyo nitaueleza kwa urefu.

Uyoga wa miombo umegawanyika katika makundi mawili makubwa kwa namna unavyoishi. Kundi la kwanza ni la vichuguu. Mchwa hulima uyoga ndani ya kichuguu kwa ajili ya chakula chao, na mvua zinapokolea uyoga huo huchomoza juu ya ardhi, wakati mwingine ukiwa na kofia pana kuliko sahani ya wali na mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye shamba la mchwa. Kundi la pili ni la mizizi ya miti. Mtundu na muba huishi kwa ushirikiano na uyoga uliojifunga kwenye ncha za mizizi yao: uyoga huusaidia mti kupata maji na madini ya udongo, na mti huupa uyoga sukari. Ndiyo maana uyoga wa njano na wa rangi ya chungwa unaouzwa kwa mafungu kando ya barabara hauoti kwenye shamba la tumbaku, hata likiwa limeachwa miaka kadhaa. Miti ikiondoka, uyoga huo huondoka nao. Mkifika mahali ambapo msitu umepakana na shamba, piteni mpaka huo kwa mstari mmoja na mhesabu uyoga hatua 50 upande huu na hatua 50 upande ule. Zoezi hilo dogo limewafundisha wanachama wetu jambo ambalo hotuba nyingi za mazingira hazikuweza.

Utaratibu wa kuokota ni huu. Tafuteni mama au bibi wa kijiji anayeokota uyoga kila mwaka, mumwombe awaongoze, na mumlipe kwa siku yake. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Tumieni kikapu na si mfuko wa plastiki, kwa sababu uyoga ukikosa hewa huharibika upesi na kusagika kiasi cha kutotambulika. Kila aina ikae peke yake. Uyoga ung'olewe mzima kutoka ardhini ili shina lote lionekane, kwa maana alama kubwa ya hatari mara nyingi imefichwa kwenye udongo: kikombe kama ganda la yai chini ya shina, hasa kikiambatana na pete juu ya shina na mapindo meupe chini ya kofia. Uyoga wa namna hiyo usiingie kikapuni hata kama jirani anadai kuwa aliwahi kuula.

Msiamini vipimo vya jikoni. Kitunguu au kijiko cha chuma kubadilika rangi, wadudu kuula, maji kugeuka, yote hayo hayathibitishi usalama, na sumu ya baadhi ya uyoga haiondoki kwa kuchemsha. Baya zaidi ni kwamba sumu kali inaweza kuchelewa kuonyesha dalili kwa saa sita hadi kumi na mbili au zaidi, mtu akapata nafuu ya uongo, kisha ini likaharibika. Anayetapika na kuhara baada ya kula uyoga apelekwe hospitali pamoja na mabaki ya uyoga alioula. Mwaka mmoja tulirudi na kikapu kilichojaa, na njiani tukagundua kwamba uyoga mmoja mweupe ambao hakuna aliyeutambua ulikuwa umevunjika-vunjika katikati ya mingine. Tulikizika kikapu chote. Wengine walinung'unika, lakini ningefanya hivyo tena leo.

Miezi hii pia mtaona keremkerem na mbayuwayu waliotoka Ulaya wakipita juu, na korongo weupe kwenye mbuga. Nendeni Bwawa la Igombe au Kazima alfajiri, mkae kimya saa moja, mwandike aina na idadi. Hakuna zaidi ya kueleza hapo. Subira ndiyo kazi yenyewe.

Machi na Aprili: mbuga

Kwa Mnyamwezi mbuga si hifadhi ya wanyama bali ni bonde la udongo mweusi linalojaa maji wakati wa mvua, mahali pa majaruba ya mpunga. Matembezi hapa ni mafupi na ya matope. Angalieni yangeyange, vyura na maua ya majini, muulize wakulima maji yalifika wapi mwaka huu, na mweke kijiti cha alama kwa ajili ya kulinganisha mwaka ujao. Muba huanza kuchanua kuelekea mwisho wa mvua, na sikio lenye mazoezi husikia nyuki juu yake kabla jicho halijaona maua.

Mei hadi Julai: asali, michembe na safari ya Kwihara

Asali ya Tabora ina misimu miwili inayofuata maua. Maua ya muba ya mwisho wa mvua huleta mavuno makubwa ya Mei hadi Julai. Maua ya mitundu yanayokuja na majani mapya huleta mavuno madogo karibu na Novemba na Desemba. Nta pia ina historia yake, kwani tangu enzi ya Wajerumani ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa hapa kwenda nje.

Kikundi kinachotaka kushuhudia kurina kifanye mpango na mrina asali mwenye mizinga yake, au kiombe ushauri katika Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapa Tabora. Kurina hufanyika jioni au usiku. Watazamaji wakae mbali, si chini ya hatua 100, wakivaa nguo za rangi nyepesi, bila manukato, na yeyote anayejua kwamba mwili wake huvimba vibaya kwa miiba ya nyuki abaki nyumbani. Nyuki wakishambulia, kimbieni moja kwa moja mkiwa mmefunika uso hadi ndani ya gari au nyumba, msipunge mikono. Mwiba uondolewe haraka kwa kukwangua kwa ukucha.

Mnapokuwa pale, ulizeni mzinga umetengenezwa kwa nini. Mzinga wa magome, ambao ndio wa asili na mwepesi kubeba, hupatikana kwa kubandua gome la muba au mtundu ulio hai, na mti uliobanduliwa kuzunguka shina lote hufa. Mrina hukata mti ule ule unaomlisha nyuki wake. Simlaumu mzee aliyefundishwa hivyo na baba yake, ila nadhani kila kikundi cha wapenda mazingira kinapaswa kutoa mchango wake katika jambo hili, na mchango bora ni kununua asali ya waliohamia mizinga ya gogo lililoanguka au ya masanduku, na kuwaambia wazi kwamba ndiyo sababu mmenunua kwao. Asali ikiganda baada ya miezi michache msidhani imechanganywa na sukari. Asali safi huganda.

Juni ni wakati wa kutembelea familia zinazokausha viazi vitamu. Michembe hukatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Pikeni vyote viwili na karanga, muonje tofauti. Mwezi huo huo mtaona moshi wa uchomaji wa mapema, unaofanywa nyasi zikiwa bado na unyevu ili moto uwe mdogo na uzuie ule mkubwa wa Septemba unaoua miche. Kikundi kisiwashe moto wowote bila kibali. Kazi yenu ni kuandika tarehe na mahali palipoungua.

Kisha Kwihara. Ni kilomita chache kusini magharibi mwa mji, na Julai ndio mwezi mzuri, kwa sababu asubuhi ni baridi na njia imekauka. Ondokeni saa 12 asubuhi kwa miguu. Katika tembe lililohifadhiwa hapo aliishi mwandishi wa habari Henry Morton Stanley mwaka 1871, wakati Mtemi Mirambo wa Urambo alipokuwa akipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, yaani utemi wa eneo hili la Tabora. Stanley aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, na tarehe 22 Agosti 1871 askari wa Mirambo walishambulia na kuchoma sehemu ya Tabora. Njia ya kawaida ya Ujiji ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Septemba Stanley alizunguka kusini. Alimkuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, aliyekuwa akimtafuta, Ujiji, wakarudi pamoja Kwihara Februari 1872, katikati ya mvua. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi, naye Livingstone akabaki akisubiri wapagazi kutoka pwani hadi mwishoni mwa Agosti. Ningependa kila kikundi kisimame pale uani na kuhesabu miezi hiyo mitano kwa miti inayoonekana: muba ukichanua, nyasi zikikauka, majani yakianguka. Mwaka uliofuata, baada ya kifo chake, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake kupitia Unyanyembe kuelekea Bagamoyo. Majina hayo mawili yatajwe mahali hapo kwa sauti ile ile inayotaja jina la Livingstone. Kwihara ni miongoni mwa vituo vya njia kuu ya utumwa na pembe ambayo Tanzania iliiorodhesha UNESCO mwaka 2006 katika mapendekezo ya urithi wa dunia.

Kwa wanaobaki mjini kuna mzunguko mfupi: boma la Wajerumani kwa nje tu, na bila kupiga picha; habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 badala ya kutekwa; stesheni ya reli iliyofika hapa mwaka 1912; na Shule ya Tabora alikosoma Julius Nyerere. Ongezeni mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliokubali chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alipaswa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na ambao wazee huuita uamuzi wa busara.

Agosti na Septemba: kuyasoma matongo

Majani yameanguka, nyasi zimeungua, na sasa ardhi inaonekana. Huu ni wakati wa kutafuta matongo, yaani mahame ya watu wa zamani ndani ya msitu. Tembeeni kwa mstari, mtu na mtu wakiachana hatua 10, mkiongozwa na mwenyeji. Alama ni hizi: mwembe au miembe kwa safu, ua wa minyaa uliogeuka miti mirefu, jiwe la kusagia lenye shimo lililolainika, vigae, majivu yaliyogeuza udongo kuwa mweusi, na uwazi wa mviringo ambapo miti yote ni ya umri mmoja.

Mkikuta alama, msichimbe wala msiondoe kitu. Pigeni picha mkiweka rula kando, andikeni mahali, kisha mwende kwa wazee wa kijiji cha karibu na swali moja: nani alikaa hapa, na kwa nini aliondoka? Majibu huangukia katika nyakati tatu kubwa. Ya kwanza ni ya misafara na vita vya karne ya 19, ambapo miembe mikongwe husimama kwa kufuata njia na visima. Ya pili ni ya malale: miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wengi wa magharibi ya Unyamwezi katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o, na msitu ukafunika walikotoka. Ya tatu ni ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambayo wengi waliohamishwa bado wanaikumbuka na wanaweza kuonyesha kizingiti cha nyumba yao. Unene wa mwembe peke yake hautoshi kuamua, kwa sababu hukua haraka penye mbolea ya zizi la kale. Neno la mzee, vigae na mpangilio wa miti vipimwe kwa pamoja, na vikipingana, andikeni jinsi vinavyopingana.

Wanaokwenda upande wa Urambo watafute sura nyingine ya historia hiyo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Msitu uling'olewa kwa matrekta, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Tumbaku ilichukua nafasi, na mabani ya kukaushia yanaendelea kula kuni za miombo hadi leo. Simameni mahali palipofyekwa, mtafute miche ya mitundu inayochipua kutoka kwenye visiki, muihesabu. Miombo hurudi kwa visiki ikiachwa bila moto mkali na bila jembe, na hesabu hiyo ina thamani kwa kijiji kinachofikiria kutenga msitu wake.

Kutunza mlichopata

Daftari moja kuu likae kwa katibu, na nakala yake kwa mtu mwingine wa mtaa mwingine. Mzee anayerekodiwa kwa simu aulizwe kwanza kama anakubali, asikilizishwe sauti yake mwisho wa mazungumzo, na familia yake ipewe nakala. Msitangaze hadharani mahali hasa pa makaburi ya watemi, mizinga au mininga minene, kwa kuwa wezi wa mbao na wachimbaji wa mali za kale husoma kama wengine.

Mwishoni mwa Septemba fanyeni kikao chini ya mwembe mliouchagua mwaka uliopita, mlete kopo la mvua likiwa limeoshwa, na someni kwa sauti tarehe zote za mwaka: mvua ya kwanza, kumbikumbi, uyoga wa kwanza, ua la kwanza la muba, moto wa kwanza. Mtoto wa mwisho kujiunga na kikundi apewe zamu ya kwanza ya kipimamvua, maana mitundu itakuwa imeanza kuchipua.